KAZI ZA TOVUTI ZINAZOPANGIWA SAA: RAI ZA WATUMIAJI NA WAJIBU WA AFISI

Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Tangazo la nafasi za kazi, la zabuni au la kukatwa maji halipati thamani kwa kuandikwa tu. Thamani yake ni kumfikia mwananchi kabla ya wakati wake kupita. Tangazo lilipokuwa likibandikwa ubaoni na tarishi, likichelewa, wa kuulizwa alijulikana. Siku hizi afisi nyingi hutia matangazo yao katika tovuti, na sehemu ya kazi ya tarishi imekabidhiwa programu isiyoonekana: kutoa tangazo saa iliyopangwa, kutuma barua pepe, kuweka nakala za akiba usiku. Hizo ndizo kazi za nyuma ya pazia. Mazungumzo haya yanahusu programu-jalizi inayozipangia ratiba kazi hizo, iitwayo Action Scheduler, pamoja na rai za watumiaji wake.

1. Asili ya tatizo

Kompyuta zinazotumia mfumo wa Unix zimekuwa na mtunza saa wake, aitwaye cron, tangu miaka ya 1970. Kila dakika huamka, akatazama orodha yake na kutenda lililofika wakati wake, awepo mtu au asiwepo.

WordPress, mfumo wa kujengea tovuti ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ulikusudiwa umfae hata mtu aliyekodi nafasi ndogo katika seva ya wengine, asiye na ruhusa ya kugusa saa ya seva hiyo. Kwa hivyo ulipewa utaratibu wake wenyewe, WP-Cron. Utaratibu huu hauna saa inayojiendesha. Mfano wake ni bawabu aliyelala mlangoni: mgeni akibisha hodi, bawabu huamka, akatazama orodha na kufanya yaliyokwisha fika wakati. Asipobisha mtu, kazi hulala pamoja na bawabu.

Matokeo yake ni mepesi kufahamika. Tangazo limepangwa litoke saa 12 asubuhi; mgeni wa kwanza wa tovuti akaja saa 3; basi ni saa 3 hiyo ndipo litakapotoka. Aidha, tovuti nyingi huwapa wageni nakala za kurasa zilizokwisha tayarishwa ili zifunguke upesi, na nakala hizo hazimwamshi bawabu. Ndiyo maana hata tovuti yenye wageni wengi huweza kuchelewesha kazi.

2. Programu-jalizi yenyewe

Action Scheduler ilitengenezwa ili kuhudumia maduka ya mtandaoni, ambako malipo ya kila mwezi ya maelfu ya wateja hayana budi kutozwa kwa siku yake. Huja ndani ya WooCommerce, na pia huweza kuwekwa peke yake. Badala ya kurundika kazi zote pahala pamoja, kila kazi huandikiwa mstari wake: ni kazi gani, ifanyike lini, imekwisha au imeshindwa. Tangu toleo la 3, lililoingia katika WooCommerce mwaka 2020, mistari hiyo huwekwa katika majedwali yake maalumu ndani ya hifadhidata. Kazi huchukuliwa kwa mafungu, na kwa kawaida kila fungu huwa na kazi 25, ili seva isilemewe.

3. Wanaosifu

Watumiaji wanaoisifu husifu kwanza daftari lake. Msimamizi hufungua ukurasa mmoja akaona kazi zinazosubiri, zilizokamilika na zilizoshindwa, pamoja na saa ya kila tukio. Zamani barua pepe isipofika ilikuwa ni kubahatisha. Sasa kuna maandishi ya kurejelea. Jambo la pili wanalosifu ni kwamba kazi kubwa, kama vile kutuma barua elfu kadhaa, hugawanywa kidogo kidogo badala ya kukwama katikati.

4. Wanaolalamika

Malalamiko nayo ni ya kweli. La kwanza ni kuvimba kwa hifadhidata. Kazi zilizokamilika huwekwa takriban mwezi mmoja kabla ya kufutwa, na katika tovuti yenye shughuli nyingi mistari huzidi ikawa mamia ya maelfu, kurasa zikawa nzito na nakala za akiba zikawa kubwa. La pili ni kuwa kazi ya mara moja ikishindwa hairudiwi yenyewe. Husubiri mtu aione. La tatu ni ilani ya kazi zilizopitwa na wakati, ambayo huwatia hofu wasimamizi wasiojua ilipotoka wala la kufanya. Wengine hawakuichagua hata kidogo. Iliingia pamoja na programu-jalizi nyingine waliyoihitaji.

5. Kupima rai hizo

Anayesifu na anayelalamika wanazungumzia kitu kimoja, nacho ni daftari. Kwa mwenye kulisoma na kulisafisha, daftari ni ushahidi. Kwa asiyelifungua, ni rundo la karatasi linalojaza chumba.

Lipo jambo kubwa zaidi ambalo pande zote mbili hulisahau. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Action Scheduler yenyewe huamshwa na WP-Cron, au na msimamizi anapofungua kurasa za usimamizi. Yaani bado inamtegemea bawabu yule yule. Afisi iliyoiweka kwa matumaini kwamba matangazo hayatachelewa tena imenunua daftari zuri, lakini saa haijanunua.

6. Linalopasa kufanywa

Kwanza, afisi yenye tovuti imtake fundi wake auzime mwamsho wa wageni na badala yake saa ya seva iite kazi hizo kila baada ya dakika chache, tano kwa mfano. Mambo haya mawili yafanywe kwa pamoja. Mwamsho ukizimwa na saa ya seva isiwekwe, hakuna kazi itakayofanyika kwa wakati wake.

Pili, majira ya tovuti yahakikiwe. Afrika Mashariki iko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3. Tovuti iliyoachwa katika majira ya Greenwich, ikipangiwa tangazo kwa 8:00 ya kompyuta, italitoa saa 5 asubuhi yetu badala ya saa 2. Kwa mwombaji ambaye mwisho wa kupeleka fomu ni saa 6 mchana, tofauti hiyo ndiyo nafasi yenyewe.

Tatu, atajwe kwa cheo mtumishi atakayefungua orodha ya kazi zilizoshindwa kila asubuhi, na mwengine wa kushika nafasi yake akiwa likizo. Nne, fundi apunguze muda wa kuweka mistari ya kazi zilizokamilika iwapo hifadhidata inavimba, baada ya nakala ya akiba kuchukuliwa. Tano, tangazo lenye mwisho wa kupokea maombi lisiachiwe programu peke yake: saa yake ikifika, mtumishi afungue tovuti alitazame kwa macho yake.

Ndugu Watumishi, Ndugu Wananchi,

Mwananchi aliyefika dirishani akaambiwa muda umepita hatafarijika kwa kuelezwa kwamba tovuti haikupata mgeni alfajiri ile. Yeye alisubiri tangazo, na tangazo lilikuwa ni ahadi ya afisi. Programu huweza kupewa kazi, lakini dhamana ya kazi hiyo hubaki kwa mtumishi aliyekabidhiwa. Na mwananchi anayeona tangazo limetoka nje ya wakati wake ana haki ya kuiarifu afisi inayohusika kwa maandishi, akitaja siku na saa aliyoliona, kwani kumbukumbu yake huweza kulinganishwa na daftari la tovuti na kosa likajulikana lilipo.