Mayai ya Kuuza na Yai la Mtoto

Leo tunazungumza na wewe mwenye kuku watano au kumi nyuma ya nyumba, ambaye majirani hupiga hodi wakiuliza, "Mama, mayai yapo?" Kuuza ni vizuri. Pesa ya mayai hununua sabuni na madaftari ya watoto. Lakini yai unalouza litaliwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto.

Kabla ya kuhesabu ya kuuza, weka kando ya watoto wako. Ni jambo la kusikitisha kuona mama akiuza trei nzima ya mayai, kisha mtoto wake anakunywa uji mtupu. Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na kuendelea kunyonya, anaweza kula yai. Lichemshe mpaka kiini na ute vyote viwe vigumu, kisha uliponde ndani ya viazi au uji mzito. Anza na kidogo. Ukiona vipele au midomo imefura, usimpe tena mpaka umwone mhudumu wa afya. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Kuna mahali bado husemwa kwamba yai humchelewesha mtoto kusema. Hilo si kweli.

Sasa tuje kwa mayai ya mnunuzi. Okota mayai asubuhi na jioni, hasa kama unaishi kwenye joto kama Mombasa au Garissa. Yai lililorutubishwa na jogoo likikaa chini ya kuku anayeatamia, kifaranga huanza kuumbika. Kwa hivyo ukikuta mayai kichakani na hujui yamelala hapo siku ngapi, usiyauze. Njia rahisi ya kujua ni kulitia yai ndani ya maji. Yai jipya hulala chini. La siku nyingi husimama. Linaloelea, litupe.

Yai lenye ufa usiliuze, hata kwa bei ya chini kwa mwenye kibanda cha chai. Viini vya ugonjwa wa kuhara, kama salmonela, hupita kwenye ufa huo. Wala usiyaoshe mayai ili yang'ae. Ganda lina vitundu vidogo sana na utando unaoyalinda. Maji huuondoa utando huo na kuingiza uchafu ndani. Pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha uyaweke mahali penye kivuli, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku na mayai, kabla hujamlisha mtoto.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni dawa. Kuku akiugua, tunakimbilia duka la dawa za mifugo, na wengine huwapa kuku vidonge vya watu vilivyobaki nyumbani. Kuku anaendelea kutaga, na mayai yanaendelea kuuzwa. Dawa ile huingia ndani ya yai, na kuchemsha hakuiondoi yote. Mtu ambaye mwili wake haupatani na dawa hiyo anaweza kudhurika. Tena vijidudu huizoea, na siku mtoto akiugua kweli, dawa inakataa kufanya kazi.

Kwa hivyo unaponunua dawa, uliza: "Nisiuze mayai kwa siku ngapi?" Idadi hiyo huandikwa kwenye karatasi au chupa ya dawa. Hesabu kuanzia siku ya mwisho ya kuwapa. Ikiwa ni siku 7 na ulimaliza Jumatatu, mayai yote mpaka Jumatatu inayofuata hayauzwi, hayaliwi nyumbani, na hayapelekwi kwa jirani kama zawadi. Dawa nyingine hazifai kabisa kwa kuku wanaotaga. Na ukumbuke kideri huletwa na virusi, kwa hivyo vidonge vya antibiotiki haviutibu. Kinachosaidia ni chanjo kabla ugonjwa haujaingia bomani. Muulize afisa wa mifugo ratiba yake.

Sheria pia ipo. Sura ya 254 ya sheria za Kenya inakataza kuuza chakula kilichooza au chenye kitu cha kudhuru, na haibagui mwenye duka kubwa na mama wa kuku watano. Ukitaka kupeleka mayai sokoni au dukani, pita kwanza kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti akueleze vibali na ada.

Mwisho, andika tarehe ya kutagwa kwa penseli juu ya kila ganda. Na mnunuzi akirudi na yai bovu, mpe jingine bila maneno mengi. Huyo atarudi tena wiki ijayo.