Tumbo Likipunguzwa, Sukari Huenda Wapi?

Majuzi nilikuwa Kisiwani, wilayani Same, kwenye msiba. Matanga yalipoanuliwa, wazee wakaitisha kikao kwa jambo jingine kabisa: kuuza shamba ili mama mkubwa, mwenye mwili mkubwa na kisukari cha miaka mingi, apelekwe Dar es Salaam "akakatwe tumbo apone sukari." Nikaulizwa mimi, maana eti mtu wa redio anajua kila kitu.

Kwanza niliwatetea waliotoa wazo hilo. Wengi wetu hudhani upasuaji huu ni urembo wa matajiri. Sivyo. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliuanza mwaka 1966 kwa nia ya kupunguza uzito. Mwaka 1995 mwenzake wa North Carolina, Walter Pories, akaeleza jambo la ajabu: kati ya wagonjwa wake 146 wa kisukari, 121 sukari yao ilirudi kuwa ya kawaida. Tena ilianza kushuka siku chache baada ya kisu, mtu akiwa bado mnene vile vile.

Inakuwaje? Tumbo huachwa dogo kama yai, na chakula hurukishwa sehemu ya mwanzo ya utumbo. Mgonjwa hula kidogo sana, na mafuta yaliyojaa kwenye ini hupungua upesi. Chakula kikiwahi kufika utumbo wa chini, utumbo huo hutoa homoni zinazolihimiza kongosho kumwaga insulini. Kumbe utumbo si bomba la kupitisha ugali tu! Kwa wengi hata shinikizo la damu hushuka.

Hapo ndugu zangu walikuwa wameshauza shamba mioyoni mwao. Nikawaambia, subirini.

Huko Uswidi, katika utafiti ulioanza mwaka 1987, wagonjwa 72 katika kila 100 hawakuwa na kisukari miaka miwili baada ya upasuaji. Ilipotimia miaka kumi, walibaki 36. Na aliyeugua muda mrefu, hasa anayejidunga insulini kama mama mkubwa, kongosho lake limechoka. Matumaini yake ni madogo kuliko ya aliyeanza kuugua juzi. Kisha kuna vidonge vya maisha yote, vya madini ya chuma, chokaa na vitamini, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Nani atamfuatilia Kisiwani?

Isitoshe, habari waliyoisikia haikuwa ya kisu. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwawekea watu puto tumboni ili washibe upesi. Puto hukaa kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Utumbo haukatwi, na yale ya Pories hayatarajiwi hapo.

Muda wote huo mama mkubwa alikuwa kimya. Mwishowe akauliza, "Hilo shamba si langu? Mbona mimi sijaulizwa?" Halafu akataka kujua kama mtu wa tumbo la yai huweza kula makande. Nikamjibu, vijiko vichache, akitafuna taratibu. Akacheka sana.

Amekubali kwanza kwenda KCMC, Moshi, akaonane na daktari wa kisukari. Nauli tumechanga. Shamba halijauzwa.