Usiisugue Kutu Usiyoijua

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka nikupeleke mbali kidogo, hadi Japani, kwenye shughuli ambayo huenda hujapata kuisikia: kukusanya na kuthamini panga za kale. Sisemi panga za kufyekea majani, nasema panga za vita. Usiniambie kwamba wewe huna upanga na kwa hiyo habari hii haikuhusu. Nisikilize hadi mwisho, kisha nenda ukaangalie juu ya kabati la nyumbani kwenu.

Mwaka 2014 nilikuwa mjini Tokyo kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Fundi mitambo mmoja mstaafu, mzee wa miaka zaidi ya 70, alinialika kwake Jumapili moja. Baada ya chai akaleta mfuko mrefu wa hariri. Akapiga magoti juu ya mkeka, akauinamishia upanga kichwa kama mtu anayemwamkia mkubwa wake, ndipo akauchomoa alani polepole, makali yakitazama juu. Akaniomba nisizungumze nikiwa nimeuinamia, kwa sababu tone la mate linatosha kuleta kutu. Wala nisiuguse kwa vidole vitupu. Nikasikia harufu niliyoijua tangu utoto. Nikauliza, nikaambiwa kwamba mafuta ya kupaka panga huko hutiwa karafuu tangu zamani. Nikajiona niko nyumbani!

Kisha mzee akachukua nyundo ndogo ya shaba, akagonga kijiti cha mwanzi kilichopenya katikati ya mpini, na mpini wote ukavuka. Kumbe upanga mzima unashikwa na kijiti kimoja tu. Ndani yake ukatokeza msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, kama tunavyoijua kwenye jembe na kisu. Bapa lilikuwa likimetameta kama maji ya kisima, lakini msuka ulikuwa mweusi kwa kutu. Nikadhani mzee kasahau kusafisha. Kwa ukarimu wetu wa pwani nikatoa leso mfukoni ili nimsaidie. Yule mzee mpole alinidaka mkono kwa nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Acha hapo," akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Umri wake uko hapo."

Ndugu msikilizaji, siku hiyo ndipo nilipoanza kuelewa. Bapa la upanga husuguliwa na mafundi kizazi baada ya kizazi, lakini msuka hausuguliwi kamwe. Kutu yake hujijenga kwa mamia ya miaka, na rangi yake haiharakishwi. Chini ya kutu hiyo kuna mikwaruzo ya tupa ya mhunzi, na kila ukoo wa wahunzi ulikuwa na namna yake ya kupitisha tupa. Hapo hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake kwa patasi. Mdanganyifu akichonga jina la uongo leo, patasi yake itaikata kutu ya kale, na mjuzi ataona. Kwa hiyo anayeifuta kutu ile amemfukuza shahidi mahakamani.

Sasa basi, mthamini huanzia wapi? Wengi wetu tungeanzia kwenye jina. La hasha! Jina ndilo linaloshukiwa kwanza. Majina ya wahunzi mashuhuri yameghushiwa tangu kale. Yuko mhunzi wa karne ya 17 aliyeitwa Kotetsu, ambaye zamani alikuwa mfua deraya. Jina lake limeghushiwa mno hata wakusanyaji wa panga wakiliona, la kwanza wanaloliwaza ni kwamba upanga huo ni wa bandia.

Ndiyo maana wapenzi wa panga wana mikutano ya kupimana ujuzi ambamo upanga huwekwa mezani msuka ukiwa umefunikwa. Kila mtu huutazama, kisha huandika kwenye karatasi jina la mhunzi anayemdhania. Akipatia, mwamuzi humjibu "atari", yaani amelenga. Akitaja mhunzi mwingine wa jamaa ile ile ya ufundi, huambiwa "dozen", yaani ni karibu sawa. Anayekosa huutazama tena na kuandika upya. Huo ni mtihani ambao mtu hawezi kunakili kwa jirani!

Macho yao hutafuta mambo matatu. La kwanza ni umbo. Panga za wapanda farasi wa karne ya 12 na 13 zimepinda zaidi upande wa mpini. Za nyakati za baadaye zina mpindo mwingine. La pili ni nyuzi za chuma chenyewe, kwa sababu chuma kile kimekunjwa na kufuliwa tena na tena, na mikunjo huacha alama kama za ubao uliopigwa randa. La tatu ni mstari mweupe unaokwenda sambamba na makali. Mhunzi hupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, akautia moto, kisha akautumbukiza majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu; mgongo hupoa taratibu ukabaki na ulaini, upanga usivunjike. Pale ugumu na ulaini vinapokutana, mstari huonekana. Mingine imenyooka, mingine ni kama mawimbi, na mingine ina vichwa vichwa ambavyo Wajapani huviita kwa jina la karafuu.

Jambo la ajabu ni kwamba panga nyingi zilizo bora kabisa hazina jina lolote. Panga ndefu za kale zilikatwa upande wa msuka zipate kuwa fupi, na jina likaenda na kipande kilichokatwa. Hata Masamune, mhunzi anayesifiwa kuliko wote, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, kazi zake nyingi hazina jina. Hutambuliwa kwa chuma chenyewe. Ukoo wa Hon'ami ulijenga heshima yake kwa kazi hiyo ya kusugua panga na kuzitolea hati, na mwaka 1719 ulimwandalia mtawala Tokugawa Yoshimune orodha ya panga mashuhuri za nchi. Hati zao ziliandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa, origami. Sisi neno hilo tunalijua kwa ndege wa karatasi wa watoto; kwa Wajapani, kitu "chenye origami" ni kitu kilichothibitishwa ubora wake.

Na mapambo ya upanga nayo yana hadithi yake. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku tabaka la samurai kutembea na panga viunoni. Mafundi waliokuwa wakitengeneza vikinga mkono na vipambo vya mpini wakakosa wateja, na vitu hivyo vikauzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, vikiwa vimetenganishwa na panga zake. Kikinga mkono kimoja hutosha kwenye kiganja, lakini ndani yake utakuta korongo, mawimbi na mwezi. Baadhi vimetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, ikachemshwa kwenye maji ya dawa mpaka ikawa nyeusi yenye kivuli cha bluu. Weusi ule ndio uzuri wenyewe. Asiyejua huona uchafu, akachukua dawa ya kung'arishia shaba, na kwa nusu saa akaangamiza kazi ya bwana fundi. Dhahabu ilikuwa imejificha ndani ya weusi. Yeye aliufukuza weusi akabaki na wekundu wa sufuria.

Sitaki nikudanganye kwamba kila upanga wa Kijapani ni hazina. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vilitoa panga nyingi za maofisa, na hizo Japani kwenyewe haziandikishwi kuwa kazi ya sanaa. Lakini maofisa wengine walikwenda vitani na panga za mababu zao ndani ya ala za kijeshi, na vita vilipokwisha zote zilikusanywa pamoja, hazina na takataka.

Mojawapo ya zilizokusanywa ni upanga uitwao Honjo Masamune, uliokuwa mali ya ukoo wa Tokugawa. Mwezi Desemba 1945 mkuu wa ukoo huo, Tokugawa Iemasa, alizipeleka panga zake kwenye kituo cha polisi cha Mejiro mjini Tokyo. Januari 1946 zikakabidhiwa kwa askari mmoja wa Marekani, ambaye jina lake liliandikwa kwa namna ambayo hadi leo halijamfikisha mtu kwa mwenyewe. Tangu siku hiyo upanga ule haujaonekana.

Wapo waliopatikana na waungwana. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Walter Compton, mkuu wa kampuni ya dawa na mkusanyaji mkubwa wa panga, alitambua kwamba upanga alionao, kazi ya mhunzi Kunimune, ni mali ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima. Akaurudisha bila kudai senti. Aliweza kuurudisha kwa sababu alijua kuusoma. Lakini Honjo Masamune, kama bado upo, huenda umelala darini kwa mtu asiyejua ni nini, akisubiri tu mjukuu mwenye bidii na karatasi ya msasa.

Nami mjukuu wa namna hiyo namjua vizuri.

Kwetu Tanga, juu ya kabati la marehemu babu, palikuwa na upanga mrefu wenye ala ya ngozi. Karibu na mpini palikuwa na alama na herufi ndogo ambazo hakuna aliyezisoma, maana chuma kilikuwa cheusi. Mwaka 1994, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, nilisikia kuna mzee mjini anayenunua vitu vya kale. Nikaupiga msasa ule upanga siku mbili, nikausugua kwa majivu, ukang'aa kama kijiko cha harusi. Mzee yule akavaa miwani, akapitisha kidole pale karibu na mpini, akaniuliza, "Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na kutu tu, babu," nikajibu.

Akanirudishia upanga wangu. "Mjukuu wangu," akasema, "umefuta jina la mwenyewe."

Hadi leo hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kusema kama upanga ule ulitoka Omani, au bapa lake lilitoka Ulaya, au ulifuliwa papa hapa pwani. Ushahidi niliufagia uani pamoja na vumbi la msasa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukirithi kitu cha kale, iwe upanga, kiti cha enzi, mlango wa nakshi au birika la kahawa, usikisugue. Kipanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Usitenganishe kitu na ala yake wala na karatasi zake. Waulize wazee kilikotoka, uandike, maana wazee nao hawakai. Kisha wapelekee watu wa makumbusho wakitazame kabla hujamwita mnunuzi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni methali tu. Siku hizi nikiutazama upanga wa babu ukutani kwangu, mweupe, mtupu, usio na jina, najua kwamba mjukuu mwenyewe ni mimi.

Hadi wiki ijayo, kwaheri ya kuonana.