Malaika Alianza na Mkate

Somo: 1 Wafalme 19:1-21

Tunakusalimu wewe mama uliye jikoni, wewe baba uliye kwenye zamu ya ulinzi, wewe kijana unayetusikiliza kwa simu njiani, na wewe mgonjwa uliye kitandani. Neno la leo ni lako.

Somo letu ni juu ya mambo madogo ya kila siku: kulala, kula, kutembea, kunyamaza na kuzungumza na mwenzako. Labda mtu atasema, "Mchungaji, hayo si mambo ya kiroho. Tupe neno lenye moto." Chukua Biblia yako, fungua 1 Wafalme sura ya 19, kisha tuone kama Mungu anayaona kuwa madogo.

Sura ya 18 tunaijua sote. Ni sura ya Karmeli, moto unashuka, manabii wa Baali wanashindwa, mvua inanyesha, Eliya anapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Tunapenda kuihubiri. Lakini geuza ukurasa mmoja tu. Yezebeli anatuma ujumbe kwamba atamwua, na yule mtu wa moto anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Eliya amekuwa mkimbizi. Wengi mnaotusikiliza mnalijua neno hilo bila kufafanuliwa.

Sasa angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua, wala hakusema ana pepo. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika, na malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa, akamwamsha ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akimwambia kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40 mpaka Horebu na kuisikia sauti ya Mungu.

Wapendwa, angalieni utaratibu huo. Usingizi kwanza, kisha mkate na maji, kisha mwendo, kisha sauti, na mwisho kazi mpya pamoja na mwenzake. Mungu aliyemwumba Eliya alijua kwamba mwili uliochoka unaweza kuifanya roho ione giza tupu. Kuutunza mwili siyo upungufu wa imani. Ni kumheshimu Yeye aliyeufanya kuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Tupite hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza: kulala

Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba usingizi ni zawadi ambayo Bwana anawapa wapenzi wake. Yesu mwenyewe alilala juu ya mto ndani ya chombo wakati wa dhoruba. Mwana wa Mungu alilala, nasi tunaona haya kulala!

Tunajua maisha yetu. Kuna mitaa ambako maji ya bomba yanakuja saa nane ya usiku, na mama ndiye anayeamka kujaza ndoo. Kuna mahali watu hawalali kwa sababu ya risasi, na hatuwezi kuwahukumu watu hao. Tunawaombea na kuwapokea. Lakini kuna usingizi ambao tunauiba wenyewe. Tunaiba kwa simu mpaka saa sita ya usiku. Tunaiba kwa mikesha mitatu katika juma moja, kisha asubuhi tunamfokea mtoto na kusinzia kazini.

Waganga wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Ukilala saa nne ya usiku na kuamka saa kumi na moja ya asubuhi, umezipata, na bado una muda wa kuomba kabla ya jua. Mkesha ni mzuri, hatuufuti. Lakini ukikesha Ijumaa, panga kulala Jumamosi. Na nyumbani, maji ya usiku yawe kwa zamu: leo baba, kesho kijana, keshokutwa binti. Mama naye ni mpenzi wa Bwana.

Jambo la pili: kula na kunywa

Malaika hakuleta karamu. Alileta mkate na maji. Chakula cha afya hakihitaji fedha nyingi kama tunavyofikiri. Sombe, lengalenga, maharagi, samaki wadogo wa ziwa, papai la nyuma ya nyumba: hivi si vyakula vya aibu. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji kwa siku 10, na nyuso zao zikapendeza kuliko za waliokula meza ya mfalme.

Adui mmoja tunamweka wenyewe ndani ya sufuria, naye ni chumvi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ndiyo kijiko kimoja kidogo cha chai, tukihesabu yote aliyokula. Sasa hesabu: makayabu yana chumvi, vidonge vya kuunga mchuzi vina chumvi, halafu chumvi yenyewe tunaimimina kwa mkono, na mezani baba anaongeza tena bila kuonja. Loweka makayabu, mwaga maji, loweka tena. Ukitia kidonge cha mchuzi, usitie chumvi nyingine. Na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, maana kipindupindu hakiulizi mtu anasali kanisa gani.

Na dawa je?

Hapa tunawaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu watu wanakufa.

Katika kutembelea wagonjwa tumemjua mama mmoja, mwimbaji hodari. Alikuwa akimeza dawa za tansio kila siku. Jumapili moja aliombewa, akasikia amani na wepesi mwilini. Aliporudi nyumbani akafunga vile vidonge katika kitambaa, akasema amepona, kuvimeza tena ni kumtukana Mungu. Majuma machache baadaye alianguka sokoni. Leo mkono wake wa kuume hauinuki, na anapoimba, maneno yanatoka nusu. Bado anampenda Bwana. Lakini watoto wake ndio wanaomvalisha nguo.

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini kwamba Yesu anaponya leo, na hatutaacha kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini tuisome Biblia yote. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwa Mungu, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na tini vilikwenda pamoja, na hakuna aliyesema Isaya amekosa imani. Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa tabibu.

Tena, wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu katika Torati kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kumpima mwenye ukoma na kutangaza kama ametakasika. Yesu hakuogopa kipimo! Uponyaji wake ulikubali kuchunguzwa. Basi nawe, ukiombewa na kuamini umepona, nenda kwa munganga akupime. Kama umepona, mashine itashuhudia, na munganga ndiye atakayekuambia upunguze dawa au uache. Kama bado, endelea kumeza huku ukiendelea kuomba. Usijipime kwa kusikia vizuri, maana tansio ya juu mara nyingi haiumi wala haitoi dalili. Mtu anaimba asubuhi, jioni analazwa.

Na kuhusu kufunga: mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye dawa za kila siku, mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha, wasiingie katika mfungo wa bila chakula na maji bila kuzungumza kwanza na munganga. Danieli 10 inatuonyesha mfungo wa majuma matatu ambao mtumishi wa Mungu aliacha tu vyakula vya kupendeza, nyama na divai, na mbingu zilimsikia. Mungu hapungukiwi njia ya kukusikia.

Jambo la tatu: kutembea

Eliya alitembea. Hapa hatusemi na kila mtu kwa namna moja. Mama anayebeba mzigo mgongoni kutoka bandarini mpaka sokoni hahitaji kuambiwa atembee. Anahitaji kuambiwa aketi, na mwingine ampokee mzigo. Lakini wewe unayekaa dukani tangu asubuhi, wewe dereva, wewe mwalimu, na sisi wachungaji tunaoketi ofisini kutwa, mwili unadai mwendo. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 katika juma, ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima. Shuka kwenye pikipiki kabla ya kufika. Utatunza na franka zako. Na mtu anaweza kuomba akiwa anatembea.

Jambo la nne: kunyamaza

Pale Horebu ulipita upepo wa nguvu, kisha tetemeko, kisha moto, na Bwana hakuwamo. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu. Tunauliza: sauti ndogo kama hiyo ingekupata saa ngapi? Unafungua macho, mkono uko kwenye simu. Kabla hujasema "asante Bwana", umeona maiti, umeona ugomvi wa wanasiasa, umeona sherehe ya jirani ambayo hukualikwa. Moyo unaamka tayari umechafuka.

Weka simu mbali na kitanda. Mpe Bwana dakika 15 za kwanza: zaburi moja, maombi mafupi, kisha kimya. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na amri ya mfalme ilipotoka, aliendelea kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Siku ya tundu la simba hakuwa akijifunza kuomba. Desturi yake ndiyo iliyomshika.

Jambo la tano: mwenzako

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, kisha akamwambia Mungu mara mbili kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwamba kuna watu 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti, akamtuma kwa Elisha, aliyekuwa akilima kwa ng'ombe.

Sisi tunaulizana habari mlangoni mwa kanisa, tunajibu "muzuri, kwa neema", hata kama usiku tulilia. Tafuta mtu mmoja mwaminifu, mtu anayefunga kinywa, na kila juma mwambie ukweli wa moyo wako. Na kama umefika pale Eliya alipofika, unatamani kufa, usifiche. Nabii aliyasema maneno hayo mbele za Mungu, naye hakutupwa. Mwambie mtu leo hii, kabla usiku haujaingia. Ndugu utakayemsikia, usimhubirie kwanza. Keti naye, mpe chakula, usimwache peke yake, kisha msindikize kwa mchungaji na kwa munganga.

Tuanze wapi?

Usianze mambo yote matano kesho. Utachoka siku ya tatu. Wana wa Israeli walipewa mana ya siku moja, si ya mwaka. Aliyeweka akiba mpaka asubuhi alikuta mabuu, isipokuwa kwa siku ya Sabato. Ndivyo zilivyo desturi njema: huwezi kulala Jumapili usingizi wa juma zima, wala kumeza Jumatatu vidonge vya mwezi.

Chagua jambo moja, ulifunge kwenye jambo unalolifanya tayari. Baada ya maombi ya jioni, simu inawekwa sebuleni. Baada ya kupiga meno mswaki, kidonge cha tansio. Ukikosa siku moja, usiseme umeshindwa. Mana ilishuka tena asubuhi iliyofuata, na rehema za Bwana nazo ni hivyo.

Na wewe mwenye afya, uwe malaika wa mtu. Juma hili, mpelekee ndugu aliyechoka chakula cha moto na chupa ya maji, kaa na watoto wake, umwambie, "Lala kidogo, niko hapa." Hiyo nayo ni huduma.

Tuombe.

Baba yetu, unatujua kwamba sisi ni mavumbi, nawe hukutudharau. Wape usingizi waliokosa usingizi. Linda wanaolala porini na katika kambi kwa sababu ya vita. Ponya wagonjwa wetu, bariki mikono ya waganga, utupe hekima ya kupokea msaada wako kwa njia yoyote unayoileta. Inua yule aliyeketi chini ya mti wake leo, akitamani kufa; umtumie mtu wa kumgusa na kumlisha, kwa maana safari bado ni ndefu. Katika jina la Yesu. Amina.