Taharuki na Nafasi ya Pili: Familia katika Riwaya ya Mapenzi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika Kiswahili zipo methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza yasema kosa moja haliachi mke. Ya pili yasema maji yakimwagika hayazoleki. Methali ya kwanza humwelekea mume na kumnasihi awe na subira, na kwa kufanya hivyo hukiri kwamba uamuzi wa kusamehe u mikononi mwake. Ya pili haimtaji mtu, lakini aghalabu husikika pale anapozungumzwa binti ambaye heshima yake imeingia doa machoni pa watu. Sehemu kubwa ya riwaya ya mapenzi ya Kiswahili imejengwa katika mwanya uliopo baina ya methali hizo mbili. Mtu amekosa, au amekosewa, familia imevunjika, msomaji anangoja kuona iwapo yapo yanayoweza kuzoleka.

Mhadhara huu unahusu kungoja huko. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuieleza taharuki kuwa ni mbinu ya kumshika msomaji ili asiufunge ukurasa. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika riwaya inayohusu familia, taharuki huchelewesha hukumu. Kwa kuwa msomaji hajui litakalotokea, hulazimika kumsikiliza hadi mwisho mhusika ambaye jamii imekwisha kumhukumu. Nafasi ya pili huanzia katika usikilizaji huo. Swali linalofuata ni zito zaidi: nani anayeitoa nafasi hiyo, nani anayeipokea, na kwa gharama gani?

2. Eda kama kielelezo cha kungoja

Kabla ya kuingia katika riwaya, inafaa kukumbuka kwamba jamii ya pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utaratibu wake wa nafasi ya pili muda mrefu kabla ya riwaya kuandikwa. Katika sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili iliyo talaka rejea, ndoa haikatiki papo hapo. Mke hukaa eda hadi zipite tuhuri 3, na katika muda huo mume anaweza kumrejea bila ya kufunga ndoa upya. Zikitimia talaka 3, mlango huo hufungwa, na hawezi kumuoa tena mpaka mwanamke awe ameolewa na mume mwingine na ndoa hiyo nayo imekwisha.

Ukiuangalia kwa jicho la mhakiki, utaratibu huo una umbo la masimulizi. Upo mgogoro, upo muda wenye mpaka, na yapo matokeo mawili yanayowezekana. Nyumba nzima huishi katika taharuki: wazazi hupeleka ujumbe, wazee huketi, watoto husikiliza nyuma ya milango. Lakini katika talaka rejea haki ya kurejea ni ya mume. Mwanamke anaweza kuomba khului kwa kurudisha mahari ili ajitoe katika ndoa. Kumrejea mume aliyemtaliki hawezi. Yeye ndiye anayengoja, mwingine ndiye anayeamua.

Riwaya iliugeuza mpango huo. Ilimfanya yule anayengoja kuwa mhusika mkuu, ikaiacha kalamu imfuate yeye, na mara nyingine ikampa uamuzi.

3. Siri ya nyumba

Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyokuwa imeshinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko na subira, amelinganishwa mara nyingi na Sherlock Holmes. Ulinganishi huo umewafanya wengi wasione jambo lililo wazi katika mfululizo wa riwaya za Abdulla, yaani kwamba fumbo linalofumbuliwa humo mara nyingi ni la ukoo. Palipo maiti, nyuma yake pana uzazi uliofichwa, ndoa isiyotajwa au urithi unaogombewa. Bwana Msa huanza kutafuta muuaji na kuishia kuueleza upya mti wa familia.

Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, upelelezi wa Kiswahili ulihamia katika jiji la Dar es Salaam, penye simu, magari na polisi. Baada yake waliandika Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Elvis Musiba, Ben Mtobwa na wengine, na magazeti yakaichukua kazi hiyo kwa hadithi za mfululizo. Wahakiki waliziita kazi hizi riwaya pendwa, wakazitenga na riwaya dhati. Mgawanyo huo ulisaidia kupanga mitaala, lakini uliuficha ujamaa uliopo baina ya pande hizo mbili. Riwaya dhati nayo iliazima siri, ufuatiliaji na kicheleweshi, ikavipeleka katika swali ambalo riwaya pendwa ilikuwa ikilikaribia: je, mtu aliyetoka nje ya familia anaweza kurudi?

Riwaya tatu zinazojulikana sana madarasani zinatosha kuonyesha jinsi jibu la swali hilo lilivyobadilika.

4. Usikilizaji uliochelewa: Rosa Mistika

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971 na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Rosa, binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo, Ukerewe, analelewa kwa ukali. Anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Anapokwenda shuleni, mbali na macho ya baba, anatumbukia katika maisha ambayo hakuwahi kufundishwa namna ya kuyakabili. Baadaye anataka kutulia, naye Charles yuko tayari kumuoa.

Hapo ndipo taharuki inapokaza. Msomaji anayajua ya Rosa yaliyopita, Charles hayajui. Kila ukurasa unaopita unakaribisha ugunduzi. Charles anapogundua, hasikilizi. Anaondoka, na Rosa anajiua. Riwaya haiishii hapo. Inawapeleka baba na binti mbele ya Mungu ili kila mmoja ajieleze, na suala la nani mwenye kosa linajadiliwa upya.

Wapo waliouona mwisho huo kuwa mahubiri. Ukitazamwa kwa hoja ya mhadhara huu, unaonekana kuwa mashtaka. Kikao cha kusikilizana, ambacho kilipasa kufanyika barazani kwa Zakaria, kinafanyika baada ya kifo kwa sababu duniani hapakuwa na aliyekiitisha. Baba alihukumu kwa fimbo kabla binti hajatenda. Mchumba alihukumu kwa kuondoka baada ya kujua. Kati ya hukumu hizo mbili hapakuwa na eda, hapakuwa na muda wa mtu kurejewa. Aliyeachiwa kazi ya kusikiliza ni msomaji peke yake.

5. Mlango unaofunguliwa na adui: Utengano

Miaka 9 baadaye, mwaka 1980, Said Ahmed Mohamed alichapisha Utengano, riwaya ambayo imesomwa sana katika shule za sekondari za Kenya. Nayo inaanzia ndani ya nyumba iliyofungwa. Bwana Maksuudi, mtu wa mali na jina, anamtawisha binti yake Maimuna. Anayemsaidia binti huyo kutoka ni Bi Farashuu, naye hafanyi hivyo kwa huruma tupu. Ana kisasi na Bwana Maksuudi kwa yale aliyotendewa binti yake, Mwanasururu. Maimuna anaangukia katika maisha ya baa, akiimba usiku na kuuza ujana wake.

Mpaka hapo njia ya Maimuna inafanana na ya Rosa, na msomaji aliyekwisha kuisoma Rosa Mistika huogopa kwamba mwisho nao utafanana. Mwandishi anaijua hofu hiyo na anaitumia. Kisha anageuza mkondo: Maimuna anarudi kwa Bi Farashuu, na kutoka hapo anaolewa na Kabi, mwanamume anayeyajua yaliyopita na hayafanyi kuwa kizuizi.

Jambo la kuzingatia ni mahali nafasi ya pili inapotokea. Haitoki kwa baba. Inatoka kwa mwanamke mzee ambaye alishiriki katika kumwangusha. Bi Farashuu alimtumia Maimuna kama silaha. Akishamwona amerudi akiwa amechoka, analazimika kumtazama kama mtu. Nafasi ya pili hapa ni ya wawili: Maimuna anapata maisha, na Bi Farashuu anapata njia ya kutoka katika kisasi chake. Riwaya haisemi kwamba maji yamezolewa. Miaka ya Maimuna haikurudi. Inachosema ni kwamba aliyeyamwaga anaweza kwenda kisimani kuchota mengine.

6. Ng'ambo ya pili: Vuta n'kuvute

Katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, mapenzi na taharuki ya kisiasa vinafungwa katika kamba moja. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anaikimbia ndoa hiyo, na jamaa zake wanamkataa. Anakwenda Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke Mswahili asiye na mali ila chumba na moyo mkunjufu. Huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na ambaye polisi wa serikali ya kikoloni wanamwinda.

Kuanzia hapo kila mlango unaogongwa usiku una maana mbili. Huenda ni mpenzi, huenda ni askari. Taharuki hiyo ina kazi mahsusi katika maadili ya hadithi. Kwa watu wa kwao, Yasmin ni binti aliyeivunjia nyumba yake heshima. Lakini msomaji anayemwona akificha siri ya Denge, akihojiwa na kuvumilia, hapati nafasi ya kumhukumu kwa kipimo hicho. Anampima kwa uaminifu wake, na kwa kipimo hicho Yasmin amewashinda waliomfukuza.

Mapenzi yake na Denge hayaishii katika ndoa. Mapambano na jela vinawatenganisha. Mwishowe Yasmin anaolewa na Bukheti. Baadhi ya wasomaji, hasa vijana, huuona mwisho huo kuwa wa kukatisha tamaa. Lakini umekamilisha jambo ambalo Rosa Mistika haikuliweza na Utengano ililianza. Yasmin alipewa ndoa ya kwanza. Ya mwisho ameichagua. Katikati pana chumba cha Mwajuma. Aliyetoa nafasi ya pili ni jirani, mtu asiye wa damu, asiye wa rangi moja wala wa tabaka moja naye. Methali inayosema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali inapata hapa uzito wa hoja ya kisiasa: mwandishi anaonyesha jamii mpya ya Unguja ikizaliwa katika chumba kimoja cha Ng'ambo kabla haijadaiwa katika mikutano ya hadhara. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya hii, na iliyotoka mwaka 2021, imeonyesha kwamba kisa hicho bado kina wasikilizaji.

7. Tahadhari

Isidhaniwe kwamba kila hadithi ya mapenzi yenye taharuki humtendea haki aliyekosa. Katika hadithi nyingi za mfululizo, nafasi ya pili ni rahisi mno kwa mwanamume. Mume aliyetelekeza nyumba hurudi akiwa mgonjwa au amefilisika, mke analia, watoto wanakumbatiwa, na hadithi inakwisha. Hakuna aliyeuliza watoto walikula nini miaka yote ile. Msamaha wa namna hiyo haukucheleweshwa. Uliharakishwa ili msomaji afurahi. Mwanamke mwenye kosa kama hilo, katika hadithi hizo hizo, mara nyingi hurudi ili afe.

Upo pia mwelekeo mwingine. Katika Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi aliyejulikana kwa riwaya za kusisimua, Gaddi Bullah ameumizwa na mapenzi ya awali, naye Dania Theobald anaugua saratani ya damu. Taharuki hapo haihitaji polisi wala bastola. Muda unahesabiwa na ugonjwa, na swali la msomaji ni iwapo mtu aliyejifunga atafunguka kabla muda haujakwisha. Kwamba riwaya hii imesomwa katika kidato cha 5 na cha 6 nchini Tanzania ni ushahidi kuwa ukuta baina ya riwaya pendwa na riwaya dhati una nyufa, na wanafunzi wamekuwa wakipenya humo kabla ya walimu wao.

8. Hitimisho

Toka mwaka 1971 hadi mwaka 1999, nafasi ya pili imehama. Kwa Rosa ilikuwa mbinguni. Kwa Maimuna ilikuwa kwa mwanamke aliyekuwa adui wa baba yake. Kwa Yasmin ilikuwa kwa jirani, na kisha katika uamuzi wake mwenyewe. Katika riwaya zote tatu baba au mume mwenye mamlaka ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuitoa mapema na kwa gharama ndogo, na katika zote hakuitoa.

Mwanafunzi wa fasihi anayechambua taharuki hana budi kuongeza swali moja katika orodha yake ya kawaida. Baada ya kuuliza mwandishi amemfichia nini msomaji, aulize pia: katika muda huo wa kufichwa, nani amepata kusikilizwa? Jibu likiwa hakuna, basi hadithi imechezea saa tu. Jibu likiwa ni yule ambaye nyumbani kwake hakupewa hata kiti cha kukalia akajieleza, basi riwaya imefanya kazi ya baraza la wazee, na pengine imeifanya vizuri kuliko wao.