Mwanariadha na Sababu Zake



Nimeombwa kuzungumza juu ya michezo na tabia. Nimechagua jambo linalowasumbua majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, ambao tunakutana nao hapa Tarakea kila siku ya gulio. Nalo ni wanariadha kutumia dawa zilizokatazwa.

Wengi husema atumiaye dawa hizo ni mhuni tangu utotoni. Sikubaliani nao. Kuamka alfajiri ukakimbia kilomita 30 si kazi ya mhuni. Mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura alieleza jinsi mtu mwema anavyojipatia kwanza maneno ya kuibembeleza dhamiri yake. Sindano ataiita vitamini, lawama atamwachia daktari, na akikosa pa kuiweka atasema kila mtu anafanya.

Tazameni Wilson Kipsang wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2013 kwa saa 2:03:23. Yeye hakukutwa na dawa. Alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa kukosekana mara kwa mara wapimaji walipomfuata, na kwa kudanganya. Kuhusu siku moja ya Mei 2019 alijitetea kwamba lori lilipinduka likaziba barabara, akaleta na picha. Kumbe ajali ya pichani ilitokea Agosti!

Naye Ruth Chepng'etich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10 (Chicago, Oktoba 2024), alipimwa Machi 2025 akakutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo huweza kuficha nyingine. Mwanzoni hakuwa na maelezo. Baadaye akasema aliugua akameza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani. Akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ilibaki, kwa kuwa ilitangulia kipimo hicho.

Sisemi haya kuwacheka. Mtu akiona mbio moja yaweza kumnunulia shamba na kusomesha ndugu zake, sababu hazikosekani. Ndiyo maana namheshimu John Stephen Akhwari wetu. Mexico mwaka 1968 alianguka, goti likaumia, akawa na kila sababu ya kuacha. Hakutumia hata moja. Aliingia uwanjani wa mwisho, giza limeshaingia.

Mimi nilizitumia. Nilipokuwa kidato cha tatu, katika mbio za nyika za mabweni, nilikata njia kupitia shamba la mahindi nikatokea mbele ya wenzangu. Nilijiambia kwamba nimetoka kuugua juzi tu; kwamba bweni letu lilionewa mwaka uliotangulia; kwamba mshindi wa kwanza simgusi, nataka nafasi ya tatu tu. Sababu zote tatu zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililonitisha nilipokuja kulifikiri ukubwani. Katika utumishi wangu serikalini nimesoma barua nyingi za kujieleza, za watu waliokula fedha za umma, na kila mara nimeliona lile shamba la mahindi.

Zawadi ilikuwa madaftari matatu na kipande cha sabuni. Aliyestahili alimaliza wa nne, na leo amekaa safu ya pili hapo mbele. Ndugu yangu, nakuomba tuonane wakati wa chai. Madaftari ninayo kwenye mkoba.