Mboga za Januari Hutafutwa Julai

Hotuba ya katibu wa kikundi cha bustani kutoka eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi, aliyoitoa mbele ya wakazi katika baraza la mwezi wa Januari

Bwana msimamizi wa wadi, afisa wetu wa kilimo, wazee wa mtaa, akina mama, vijana, na akina baba mliosimama kule nyuma chini ya mwembe kama watu wanaopita tu.

Nimeombwa niwaeleze kikundi chetu cha bustani hufanya nini mwaka mzima. Nilipoambiwa, nilidhani ni maneno ya dakika tano. Tunapanda, tunapalilia, tunavuna, tunakula, asanteni. Lakini jana usiku nimekaa na daftari la kikundi nikaona kwamba habari za kupanda ni kurasa chache sana. Kurasa nyingi ni za miezi ambayo mvua hainyeshi. Basi nitaanza na hiyo, kwa kuwa leo ni Januari na jua mnaliona wenyewe.

Kwanza niseme kwa nini tunajisumbua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kaunti yetu ya Kilifi, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Kwa Kenya nzima ni 18 katika kila 100. Hakuna kaunti iliyotupita. Mimi niliposikia hesabu hiyo nilikataa. Nikasema watoto wetu ni wafupi kwa sababu sisi wenyewe ni wafupi. Mhudumu wa afya ya jamii akanijibu kwa upole, “Mama, mtoto huyu sahani yake ina nini?” Ilikuwa na sima na chumvi. Ulikuwa mwezi wa Februari.

Hapo ndipo shida ilipo. Mwezi wa Mei hakuna mtu hapa anayekosa mboga. Kunde zimejaa mashambani, mchicha unajiotea wenyewe nyuma ya nyumba, mnavu na mwangani unachuma njiani ukitoka kuteka maji. Mtoto wa Mei anakula. Lakini mtoto hadumai kwa mwezi mmoja wala haponi kwa mwezi mmoja. Tumbo lake halijui kama ni masika au kiangazi. Kwa hiyo sisi tulibadilisha hesabu: tunaanza na sahani ya Januari, Februari na Machi, kisha tunarudi nyuma kuuliza ni kazi gani ifanywe mwezi gani ili sahani hiyo isiwe tupu.

Hatukuwa na akili hiyo tangu mwanzo. Tulipoanza tulikuwa kikundi cha mvua. Mawingu yakionekana tunakutana, mvua ikikatika tunatawanyika. Halafu ikaja ile ukame mnayoikumbuka, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Msimu wa kwanza tulipanda mbegu zote, zikaota, zikaungua. Msimu wa pili tulipanda nusu. Msimu wa tatu tulikuwa na debe moja la kunde za mbegu pale kwa mweka hazina, na nyumba zenye njaa. Tukakaa kikao. Sitawaficha, tulizipika. Na ningekuwa kwenye kikao hicho leo ningesema tena zipikwe, maana watoto walikuwa wanalia. Kosa halikuwa kuzila. Kosa lilikuwa kwamba mbegu zote za kikundi zilikuwa mahali pamoja na zote zilikuwa za aina moja.

Mvua iliporudi tulikwenda dukani kununua. Duka gani sisemi. Tulipanda siku moja, wote, kwa furaha, na katika mashimo kumi yakaota mawili au matatu. Kisha, vuli ya 2023, mvua ikaja ya El Nino, ikachukua hata udongo. Basi ndugu zangu, mtu akiwaambia kilimo cha bustani ni kazi ya kupumzikia, mleteni kwetu.

Sasa ratiba yenyewe.

Tangu Julai hadi Septemba, wakati masika yamekwisha na upepo wa kusi bado unavuma, watu wengi huweka jembe chini. Sisi huo ndio msimu wetu mkuu. Kazi ya kwanza ni mbegu. Tunapita kila bustani, tunafunga kitambaa chekundu kwenye mimea mizuri kuliko yote, na mmea wenye kitambaa haugusi mtu, hata mgeni akija. Hapo zamani tulikuwa tunakula bamia nzuri na kuacha mbegu kwenye zile zilizopinda na kuliwa na wadudu, kisha tunashangaa mwaka ujao bamia zote zimepinda. Mbegu zikikauka kwenye mti tunazianika kivulini siku kadhaa, tunachanganya na jivu lililochungwa, tunatia kwenye chupa kavu hadi zijae ili hewa isibaki, tunafunga kabisa. Kila aina inakaa nyumba tatu tofauti. Nyumba ikiungua, au mwenye nyumba akipatwa na njaa, zipo mbili.

Kazi ya pili ya miezi hiyo ni kukausha mboga. Majani ya kunde tunayachuma machanga, tunayaosha, tunayatia kwenye maji yanayochemka dakika chache tu, kisha tunayatandaza juu ya chandarua safi kilichoinuliwa kutoka ardhini. Tunayaanika kivulini penye upepo. Jua kali la moja kwa moja huharibu vitamini A, nayo ndiyo tunayoitafuta. Mama mkwe wangu alikuwa anaanika juu ya bati, na bado anaanika juu ya bati, na mimi simwambii kitu mbele za watu. Majani yakivunjika kwa vidole yamekauka. Yanatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo haifunguliwi kabla ya Krismasi.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni vuli. Vuli yetu huku bara si ya kutegemea, kwa hiyo tunapanda vinavyokomaa haraka: kunde, pojo, mchicha. Kikao tunapunguza kwa kuwa kila mtu yuko shambani. Ila Novemba na Desemba watoto wamefunga shule, na hao tunawapa kazi ya mapipa na michirizi ya paa. Hapa naomba mnisikilize, hasa nyinyi akina baba wa kule nyuma. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita sita kwa tano ina mita za mraba 30. Ikipiga mvua moja nzuri ya milimita 20, paa hilo limepokea lita 600. Hata ukipoteza robo, umebakiwa na mitungi zaidi ya 20 ya lita 20, na hakuna aliyetembea kwenda bwawani. Mchirizi mmoja wa bati lililokunjwa ndio unaotenganisha nyumba yenye maji hayo na nyumba ambayo maji yake yamekwenda kuchimba mfereji uani.

Januari hadi Machi, sasa, ni magunia. Wengine mmeyaona mkidhani tunapanga mizigo ya mkaa. Gunia moja tunalijaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza, katikati tunaacha nguzo ya kokoto tangu chini hadi juu ili maji yashuke sawasawa, pembeni tunatoboa matundu na kupandikiza miche. Juu tunafunika kwa nyasi kavu. Sukuma wiki, mchicha na mnavu vinakubali. Maji tunamwagia jioni, yale tuliyooshea mboga na mchele. Maji ya sabuni tunayapeleka kwenye mpapai, si kwenye mboga. Magunia tunayaweka karibu na mlango wa jiko, kwanza kwa kivuli, pili kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wa jirani amenifundisha mengi kuliko semina zote nilizohudhuria.

Miezi hii tunakutana kila wiki. Mvua ikiwapo tunakutana mara moja kwa mwezi; jua likiwapo kila Alhamisi. Mhudumu wa afya ya jamii huja na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ule wenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Tunapika pamoja. Tunaloweka zile kunde kavu, tunaunga kwa tui la nazi. Nazi hapo si anasa, kwa kuwa vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mwishoni tunakamulia ndimu, maana husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Mtoto aliyetimiza miezi sita anapondewa yake laini. Aliye chini ya hapo ni maziwa ya mama pekee. Mtoto ambaye utepe umeonyesha nyekundu hatumpi mboga tukamwacha. Siku hiyo hiyo anapelekwa zahanati.

Na Machi ndiyo mwezi wa kupima mbegu. Tangu tulipoibiwa na lile duka hatupandi mbegu ambayo hatujaijaribu. Chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka mahali pa vuguvugu, usiache kitambaa kikauke. Siku ya tano fungua uhesabu. Zikiota 16 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 10, tia mbegu mbili kila shimo. Zikiota nne, wape kuku.

Masika nitayapita haraka, kwa kuwa Aprili hadi Juni kila mmoja hapa anajua kulima kuliko mimi. Nitasema moja tu: vidukari wakiingia kwenye kunde, msikimbilie dawa ya duka kwenye majani ambayo mtachuma kesho kutwa. Mwarobaini upo kila uwanja. Twanga majani, loweka usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni, upande wa chini wa jani.

Kuna jambo sikutaka kulisema leo lakini wenzangu wameniambia niliseme. Ni la ardhi. Bustani yetu ya pamoja iko kwenye shamba tuliloazimwa kwa neno la mdomo. Lilikuwa pori la miiba. Tulipolisafisha, likapata samadi, likawa kijani, wakatokea jamaa wa mwenye shamba wakasema wanalihitaji. Mwenyewe, Mungu ambariki, alisimama na sisi, lakini ni mzee na sisi wengine ni wajane. Tuliandika mkataba mbele ya wazee wa mtaa na familia yote: mipaka, miaka, na nani atachukua miti tuliyopanda siku tukiondoka. Lilikuwa jambo la kutuchukua asubuhi moja, tungelifanya siku ya kwanza. Badala yake lilituchukua miezi minne ya kutosalimiana. Nanyi mnaotaka kuanzisha kikundi, mkataba kwanza, jembe baadaye. Mkajiandikishe pia kwa idara ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka 2022 inataka angalau watu kumi.

Ombi langu kwa afisa wetu wa kilimo ni moja, na nampongeza kwa kuja leo kwenye joto hili. Mafunzo ya mbegu na mboji yaletwe Februari. Yakija Aprili mvua imeshanyesha, watu wako shambani, na atakaohutubia ni wazee na kuku. Mboji nayo inahitaji wiki nyingi kuoza. Asiyeirundika sasa hana mboji ya masika.

Nimeulizwa hapo mlangoni na kijana mmoja kama kikundi kinaingiza pesa. Kidogo. Tunauza miche na mboga zinazobaki, na wakati wa kiangazi bei ni nzuri, kwa kuwa wengine hawana. Lakini kwa kanuni yetu, fungu la kwanza linalochumwa Alhamisi haliuzwi. Linaliwa na watoto waliopo.

Sasa, pale mezani kuna chupa. Zenye uzi mweupe ni kunde, zenye uzi mweusi ni mnavu, ile kubwa ni bamia. Kila nyumba ichukue kiganja kimoja cha kunde na kiganja kimoja cha bamia. Mnavu ni kijiko tu, mbegu zake ni ndogo na zinatosha. Andika jina lako na kijiji chako kwenye daftari kwa dada aliyeketi pale. Mwezi wa Agosti utarudisha viganja viwili vya kila ulichochukua. Mvua isiponyesha hutadaiwa, ila uje utuambie.